Sifa Alizoletewa Mhanga

Naingia, jamani.

— Ingia, tumekuachia nafasi.

Sikuja mikono mitupu.

— Kitue tukione.

Na kikiwa kizito?

— Tutapokezana.

Haya, mmesema wenyewe, msije mkanikimbia katikati. Na wewe unayetafuna karanga hapo nyuma, tafuna polepole, ngano hii inataka masikio.

Zamani, wanyama walipokuwa na vikao na kamati na wakubwa kama sisi, palikuwa na mlima mmoja mkavu. Chini ya mlima palikuwa na pango, na ndani ya pango kuta zote zilikuwa chumvi. Si chumvi nyeupe hii ya kwenye pakiti. Ilikuwa ya kijivu, ngumu, ya kuchimbwa kwa kucha. Nyika nzima iliitegemea. Mama asiyelamba chumvi ile alikaukiwa na maziwa, na mtoto asiyelamba alilegea miguu. Kwa hiyo walikuwepo wachimbaji waliochimba kwa niaba ya wote, na chumvi ikitoka inagawanywa sawasawa.

Kati ya wachimbaji hao alikuwepo Nungunungu, alikuwepo Ngiri, na alikuwepo Mhanga. Mhanga kama hamjawahi kumwona, msijisumbue kumtafuta, maana hapendi kuonekana. Masikio marefu kupita kiasi, pua imevutwa mbele, mgongo umepinda, mkia mnene usio na kazi. Wenzake walimtania tangu utotoni. Lakini kucha zake! Akiweka kucha ukutani, chaka-chaka-chaka, wengine wanaacha kazi wanamtazama. Hakuna aliyemwambia kitu, walimtazama tu.

Sasa, wachimbaji wale walikuwa na desturi moja. Hakuna kuchimba bila msikilizaji. Msikilizaji alikuwa Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kuliko haja yake, anayekimbia kwenye majani makavu ukadhani ni upepo. Sange hakuchimba hata punje. Kazi yake ilikuwa kuegemeza sikio ukutani, kufumba macho na kunyamaza. Maana mwamba kabla haujaanguka husema. Husema kidogo, tiki... tiki... na kucha zikiwa kazini hakuna mchimbaji anayeusikia. Sange akiusikia alipiga mguu chini, pa-pa-pa, na wote wakatupa walichoshika wakatoka mbio. Siku nyingi mwamba haukusema kitu. Sange alipata fungu lake sawa na wengine, na hakuna aliyenung'unika.

Ndipo akaja Kifaru.

Alikuja wakati jiwe kubwa lilikuwa limeziba mlango wa pango. Walilisukuma wote, halikusogea. Kifaru akaja, ndi, ndi, ndi, akainamisha pembe, akaligonga. Likapasuka. Wakamshukuru, wakampa bonge la chumvi, wakasubiri aondoke. Hakuondoka. Alikaa pale mlangoni akawauliza nani amefungua, wakasema ni yeye, akasema basi mlango ni wake. Kila mzigo uliotoka alichukua bonge kubwa kuliko yote. Baada ya muda wakaitisha kikao wakamfanya Mkuu, kwa sababu alikwisha kukaa, na kumwondoa hawakuweza.

Siku moja Mkuu akaingia ndani kukagua. Akamkuta Sange amefumba macho ukutani.

"Huyu anafanya nini?"

"Anasikiliza," akajibu Nungunungu.

"Anasikiliza nini?"

"Mwamba."

"Na mwamba umesema nini?"

"Leo haujasema kitu."

Kifaru akacheka mpaka vumbi likadondoka. Akasema kwa hiyo huyu anapewa fungu kwa kusikia kimya. Akaamuru kuanzia hapo hakuna kusikiliza, kila mwenye miguu afanye kazi, na Sange abebe vumbi. Kisha, kwa kuwa alijiona kiongozi mwenye akili, akaleta jambo jipya. Kila jioni wakitoka atamtaja mmoja mbele ya wote, aliyechimba kuwashinda wenzake. Huyo ataitwa Nguzo ya Pango, atavishwa taji la majani, na atakaa kando ya Mkuu.

Fungu halikuongezeka, jamani. Taji tu. Lakini mngeliwaona! Nungunungu akiona mshipa mzuri wa chumvi anausimamia ili Ngiri asiuone. Ngiri akiona jiwe limelegea, ananyamaza. Zamani walikuwa wakiimba pamoja ndani ya pango. Wimbo ukafa, zikabaki kucha, chaka-chaka, chaka-chaka, kila mmoja kwenye kona yake.

Na jioni ya kwanza, Kifaru aliinua mguu akaelekeza tu kwenye kundi, akasema, "Wewe hapo. Wewe ni Nguzo."

Alikuwa Mhanga.

Mhanga aligeuka kuangalia nyuma, akidhani yuko mwingine. Hakuwepo. Akavishwa taji, likamkaa vibaya kwa sababu ya masikio yale, na akalia mbele za watu. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwita mbele. Mama yake alimpenda, sawa, lakini mama ni mama. Huyu alikuwa Mkuu, na ameona. Alilivaa lile taji mpaka majani yakakauka yakapukutika yote, ikabaki kamba, na ile kamba nayo akaendelea kuivaa.

Kuanzia hapo Mhanga akawa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Sange alikuwa rafiki yake, tena rafiki hasa, wa kulala shimo moja wakati wa mvua. Alimwambia, "Ndugu yangu, unaingia ndani mno." Mhanga akamjibu kwamba Sange hajui jinsi mtu anavyojisikia akitajwa. Ikatokea kipande cha dari kikaanguka, pu, kikamchana Ngiri sikio. Sange akaenda kumsihi Kifaru arudishe usikilizaji, Kifaru akamwambia mwoga arudi kwa mama yake.

Sange akakaa chini akafikiri. Kifaru hasukumwi. Lakini anabebwa vizuri sana, ukijua pa kumshika. Kesho yake akaenda tena mlangoni, ameinamisha pua.

"Bwana Mkubwa, mwenzio nimeona aibu."

"Aibu ya nini, we kipua?"

"Wamepita wageni, pundamilia. Wameniuliza, yule bawabu wenu anaitwa nani."

Kifaru akaacha kutafuna. "Bawabu?"

"Nami nikawakatalia, nikasema yule ni Mkuu. Wakasema, mkuu gani anakaa mlangoni? Kwao mkuu hukaa juu, kila mtu amwone kabla hajaona kitu kingine."

Kifaru akatazama juu ya mlima. Akatazama mlango. Akauliza, na mabonge yake je? Sange akasema atayapandisha mwenyewe, kila siku, pamoja na habari zote za kazi. Hivi ndivyo wanavyofanyiwa wakubwa, hawafuati, wanaletewa. Basi Kifaru akapanda, ndi, ndi, ndi, anahema, anateleza, anasukuma kwa mabega, mpaka kileleni. Akasimama. Nyika yote ikamwona.

Sasa Sange alijua kitu ambacho Kifaru hakukijua. Mwenye kichwa kizito namna ile kupanda anapanda, lakini kushuka ni shughuli nyingine. Jioni Kifaru alisogea ukingoni ashuke kunywa maji, akaona mteremko, pembe ikamvuta mbele. Akarudi nyuma. Akatangaza kwa sauti kwamba Mkuu ameamua kukaa huku huku juu.

Huku chini wakacheka! Nungunungu alicheka mpaka miiba ikagongana. Mambo ya taji wakayatupa. Chumvi ikarudi kugawanywa sawasawa, jioni ile ile Ngiri akaanzisha wimbo, na Sange akarudi ukutani, sikio kwenye mwamba, macho amefumba. Kazi ya kupanda mlima ikabaki kwake, kwa hiyo wakakubaliana kwamba Sange akiwa juu, wote wako nje. Hakuna atakayegusa ukuta mpaka arudi.

Ningeweza kuishia hapa. Mdogo kamshinda mkubwa, mnapiga makofi, mnaenda kulala. Natamani ingekuwa hivyo.

Mhanga hakucheka.

Sange alipanda mlima mara ya kwanza, pita-pita-pita, akampa Kifaru bonge dogo, akamwambia upepo wa njiani umelilamba. Kifaru hakuuliza habari ya mchimbaji hata mmoja. Aliuliza kama pundamilia wamepita tena. Sange akashuka, pita-pita-pita, na chini ya njia akamkuta Mhanga anamsubiri, ile kamba bado kichwani.

"Ameniulizia?"

Sange akamtazama usoni. Mngekuwa ninyi mngesema nini? Akiambiwa ukweli atavunjika moyo. Au atapanda mwenyewe akamuulize Mkuu, na huko juu ujanja wote ufumbuke. Sange aliyafikiria yote mawili kwa pamoja, na mdomo ukajibu.

"Amekuulizia. Amesema Nguzo hajambo?"

Mhanga akafurahi siku nzima. Na Sange, nisimsingizie, akafurahi kumwona amefurahi. Kesho yake akapanda, pita-pita-pita, akashuka, pita-pita-pita.

"Amesemaje?"

"Amesema hajawahi kuona mchimbaji kama wewe."

Akapanda tena, akashuka tena.

"Leo amesemaje?"

"Amesema kucha zako anazisikia hadi kule juu. Amesema zikianza ndipo anapopata usingizi."

Ikawa hivyo. Maneno matamu yote aliyastahili Mhanga, na Sange aliyaona kweli kwa macho yake. Lakini angeyasema kwa jina lake mwenyewe yasingekuwa kitu. Alijaribu. Siku moja alimwambia, "Mimi naona wewe ndiye bora kuliko sote." Mhanga akasema asante, ndugu yangu, kisha akauliza, "Na Mkuu je?" Sange aliumia. Nadhani hiyo siku ndipo alipoamua kumpa jambo kubwa, limtoshe moja kwa moja, aache kuuliza.

"Mkuu amesema atashuka," alimwambia. "Atashuka mwenyewe kuja kuuona ukuta wako."

Na alijua Kifaru hashuki.

Mhanga alikaza kamba yake kichwani. Aliingia pangoni akautazama ukuta wake. Huku ulikuwa na kona mbaya, kule palibaki kibonge kimejitokeza. Akaanza kuusawazisha. Wenzake wakichimba chumvi, yeye anasawazisha. Akawa anauliza, atashuka lini? Sange anasema karibu. Akauliza, karibu ni lini? Sange anasema karibu tu, tulia. Siku moja mchana, Sange alipochukua bonge akaelekea njia ya mlimani, wote wakatoka nje wakakaa kivulini kama walivyokubaliana. Nungunungu na Ngiri wakapitiwa na usingizi. Mhanga akainuka taratibu akaingia ndani. Kilikuwa kimebaki kipande kidogo, huko nyuma kabisa, na alitaka Mkuu akifika akikute kiko safi.

Sange alikuwa kileleni. Kifaru alikuwa amekonda, mbavu zinaonekana, lakini amenyoosha shingo, maana nyika inamtazama. Alikuwa analalamika kwamba bonge la leo limezidi kuwa dogo. Mara mlima ukaguna chini ya miguu yao, ng'uuu, halafu kishindo kizito, puuu.

Kifaru akashika tumbo. "Umesikia?" akasema. "Ni njaa hiyo."

Sange alikwisha kukimbia. Alishuka kwa kubingirika zaidi kuliko kwa kukimbia. Chini vumbi lilikuwa linatoka mlangoni. Alihesabu waliosimama nje, akaona anayekosekana, akapiga mguu chini, pa-pa-pa, pa-pa-pa, ile ishara ya kutoka, akapiga mpaka unyayo ukachubuka. Hakutoka mtu.

Wakachimba. Nungunungu alichimba, Ngiri alichimba, hata Sange ambaye hajawahi kuchimba punje alichimba kwa vile vimikono vyake. Hakuna aliyemficha mwenziwe mshipa siku ile. Waliondoa kifusi mpaka wakaona sikio moja refu, kisha kichwa. Alikuwa hai. Kuanzia shingoni kwenda chini jiwe lilikuwa limemkalia, na wote waliona kwamba halitoki.

Mhanga akafumbua macho. Vumbi limemjaa kope.

"Ameshafika?"

Sange akasogea karibu kabisa na lile sikio. Hapo ndipo angeweza kusema ukweli, na hapo ndipo ukweli haukuwa na faida kwa mtu yeyote.

"Amefika," akasema. "Amesimama mlangoni."

"Ameuona?"

"Ameuona wote. Anasema hajawahi kuona ukuta kama huu."

Mhanga akatabasamu, na ule mdomo wake mrefu haukuumbwa kwa kutabasamu. Akauliza kama Mkuu anaweza kusema neno mwenyewe, alisikie. Sange akageuka kumtazama Ngiri, Ngiri akafahamu, akakaza sauti ikawa nzito, akasema, "Wewe ni Nguzo." Sange alipogeuka tena, Mhanga alikwisha kufa.

Walimwacha mle mle ndani, wakamrudishia udongo. Kaburi lingine la kumtosha hawakuwa nalo.

Jioni ile Sange akapanda mlima. Hakubeba chumvi. Kifaru akamuuliza kwanza habari ya chumvi. Sange akamwambia Mhanga amekufa, na amekuja na ombi moja dogo. Aseme neno jema juu yake. Lolote. Ili lile alilomwambia marehemu, hata kwa kuchelewa, liwe kweli.

"Mhanga ndiye yupi?" akauliza Kifaru.

"Yule uliyemwita Nguzo."

Kifaru akafikiri, alifikiri kwa dhati, hilo nampa haki yake. Mwisho akasema, "Niliwaita wengi."

Sange alikaa chini pale kileleni akalia. Alimlilia rafiki yake, na alilia kwa sababu sifa zote zile, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, zilikuwa zake yeye Sange, na Mhanga hakuambiwa. Kifaru alimtazama. Akaziangalia mbavu zake mwenyewe, jinsi alivyokonda, akaguswa, akamnyooshea mguu kumbembeleza.

"Usilie, we kipua," akamwambia. "Nitavumilia."

Na ngano yangu imefika ukingoni, haiendi mbele.

— Imefika, tumeipokea.

Waliokaa mbali waambieni.

— Tutawaambia.

Kifaru? Alishuka siku nyingi baadaye, kwa kuserereka kwa makalio, akaenda zake nchi nyingine, nasikia huko nako wamempa ukuu. Kwa hiyo Sange alishinda. Mnajua kuhesabu, hesabuni, alishinda.

Sasa funzo, maana najua hamtoki hapa bila funzo. Ukimwona mtu kazini amesimama kimya anasikiliza, huyo ni mvivu, mpe jembe. Mchapakazi msifu, msifu sana, sifa haigharimu kitu na haijawahi kumdhuru mtu. Na rafiki yako akikuuliza mkubwa amesema nini juu yake, mpe jibu zuri, aende kazini na moyo mweupe.

Mbona hamcheki? Nimewapa funzo, chekeni mwende.